Mke wangu hajakataa tuhamie pwani

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 41, huu ni mwaka wa 12 wa ndoa yetu, na tuna watoto wawili: binti wa miaka 10 na mvulana wa miaka 5. Tunaishi katika jiji kubwa, ndiko tulikokutana tukiwa wanafunzi.

Mimi natengeneza programu za kompyuta, na kwa miaka 3 sasa mwajiri wangu ameturuhusu kufanyia kazi nyumbani. Mke wangu ni mtaalamu wa maabara katika hospitali kubwa iliyo upande wa pili wa jiji. Asubuhi anakaa barabarani kwa muda wa saa 1 na nusu, jioni hivyo hivyo. Akifika watoto wamekwisha kula. Yeye anakula amesimama jikoni, halafu analala.

Mwaka jana tulikwenda kupumzika siku 8 katika mji mdogo wa pwani, mwendo wa saa 7 kwa gari. Shangazi, sijui nikueleze vipi. Jioni ya kwanza tulikaa ufukweni mpaka giza likaingia, na mke wangu akacheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu mtoto wa pili azaliwe. Kijana wetu ana pumu, na siku zote hizo 8 hakuhitaji inhela hata mara moja. Usingizi nilioupata kule sijawahi kuupata hapa.

Tangu turudi sina raha na jiji. Nimepiga hesabu. Nyumba tunayoishi ni yetu, mkopo umebaki miaka 6. Tukiiuza, tunaweza kununua kule nyumba kubwa kuliko hii, mita kama 150 kutoka maji yanapofika, na bado tukabakiwa na akiba ya kutuweka mwaka mzima. Nyumba yenyewe nimeiona, imepakwa rangi juzi juzi, ina kibaraza kinachotazama bahari na kisima chake. Mwenyewe anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi ujao, anasema kuna mtu mwingine anaitaka.

Vikwazo vipo, sivifichi. Hospitali ya kule ni moja na ni ndogo; mke wangu alipiga simu, akaambiwa kwa sasa maabara haina nafasi. Mama yake anaishi mtaa wa pili kutoka kwetu na ana kisukari; kila Jumamosi asubuhi mke wangu huenda kumpangia dawa za wiki na kuangalia daftari lake la sukari. Binti yetu alisema ni sawa tu, kisha mdogo wake akaniambia alimkuta analia. Kaka yangu anasema nakimbia maisha. Lakini mke wangu hajakataa. Nimemuuliza mara nyingi, na kila mara ananijibu, "Utakavyoona wewe ni sawa." Angekuwa hataki angesema, namfahamu. Hajakataa.

Naogopa tukisitasita nafasi hii itatuponyoka na nitazeeka hapa na majuto. Shangazi, tuhame?

Baba wa wawili

---

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilifurahi nawe, kwa sababu kicheko cha mkeo pale ufukweni nilikisikia mpaka huku. Mara ya pili nilipiga hesabu zako, nikaona hazina kasoro kubwa. Mara ya tatu nilichukua kalamu nikapiga mstari chini ya neno moja: hajakataa. Umeliandika mara mbili. Nikatafuta mahali ulipoandika "amekubali". Hapapo.

Nitaanza na hilo. Paa, chumvi, kisima na hospitali ni mambo ya kupima, na nitayafikia. Kimya cha mwenzako hukipimi kwa karatasi ya hesabu.

Mwaka 1978 mwanauchumi Jacob Mincer aliandika kuhusu familia zinazohama. Alionyesha kuwa familia nzima inaweza kupata faida kwa kuhama, huku mmoja ndani yake akipata hasara, na bado akafuata kwa sababu ya wengine. Tumwite mhamaji wa kufuata. Tafiti zilizokuja baadaye zimeona mara kwa mara kwamba anayefuata huwa ni mke, na kwamba kazi yake hudhoofika baada ya safari. Sasa tazama barua yako. Wewe utahama na kazi yako ndani ya begi. Binti ataacha marafiki. Mkeo ataacha kazi aliyoisomea, mama yake mgonjwa, na mshahara wenye jina lake. Anayepoteza kidogo kuliko wote ndiye aliyepiga hesabu.

Nasema hivi bila kukulaumu, maana mimi nilikuwa mhamaji wa kufuata. Nilikuwa na miaka 34 nilipomfuata marehemu mume wangu kwenye mji mdogo kando ya bahari. Aliniuliza, nikamwambia sawa. Sawa yangu ilikuwa na maana ya "nimechoka kuulizwa swali ambalo jibu lake unalo". Miaka 2 ya mwanzo nilikaa bila kazi, nikaijua kila saa ya maji kujaa na kupwa kwa kuwa sikuwa na saa nyingine ya kuifuata. Nilikuja kuupenda mji ule, nikaishi huko miaka 9, na hadi leo nikiota ndoto nzuri huwa ni ya kule. Ila miaka ile 2 iliiumiza ndoa yetu, na ingeepukika kwa mazungumzo ya jioni moja yaliyofanywa kabla ya kufunga mizigo.

Kwa hiyo usimuulize tena "tuhame?" Swali hilo amekwisha kulijibu kwa namna anayoona haitaleta ugomvi. Muulize: ungekuwa unajichagulia wewe tu, ungependa siku yako ya kawaida ianze wapi na iishie wapi? Muulize ni kitu gani tukikiacha hapa hakitarudi tena. Kisha nyamaza. Usimjibu kwa hesabu, usimwambie "lakini". Akisema hataki, jibu hilo lisimgharimu chochote, wala uso wako usibadilike kwa wiki nzima. Wanawake wengi wanazijua hizo nyuso.

Sasa niseme jambo ambalo nashangaa hukuliona, kwa kuwa liko katika barua yako mwenyewe. Mkeo alicheka siku ya kwanza ya mapumziko. Ulikuwa pia mwanzo wa siku 8 ambazo hakukaa saa 3 kwenye ile barabara ya kazini. Umejuaje kwamba kilichomchekesha ni bahari? Watafiti wawili wa Uswisi, Bruno Frey na Alois Stutzer, walichambua takwimu za miaka mingi za watu wa Ujerumani, wakakuta kuwa kadiri safari ya kazini inavyokuwa ndefu ndivyo mtu anavyoridhika kidogo na maisha yake, na kwamba mshahara au nyumba nzuri haikutosha kufidia. Barabara ile inamla mkeo. Lakini wewe ndiye mwenye kazi inayobebeka! Mtu anayeweza kufanyia kazi mahali popote anaweza pia kuifanyia dakika 15 kutoka hospitali ya mkewe. Je, ulishawahi kutafuta nyumba upande ule wa jiji? Katika mipango yako yote sijaona mstari mmoja kuhusu hilo. Mama mkwe atakuwa mbali kidogo kuliko sasa, ni kweli, ila umbali wa kuvuka jiji siku ya Jumamosi unavumilika. Ule wa saa 7 hauvumiliki simu ikilia usiku.

Huenda mkihamia karibu na hospitali ya mkeo mkakuta bado mnaitamani bahari. Vizuri. Mtakuwa mnaitamani kwa ajili yake yenyewe.

Kuna utafiti mwingine naupenda sana. Mwaka 1998 David Schkade na Daniel Kahneman waliwauliza wanafunzi karibu 2,000 wa vyuo vikuu vya California na vya majimbo ya kati-magharibi ya Marekani, ambako baridi ni kali. Makundi yote mawili yaliamini kwamba watu wa California, kwa jua lao na pwani yao, wameridhika zaidi na maisha. Walipoulizwa kila mmoja kuhusu maisha yake, kiwango cha kuridhika kikawa karibu sawa. Maana yake ni kwamba tunapofikiria kuhama, akili hukamata kile kinachotofautiana, yaani jua, upepo, kibaraza, ikasahau vile vitakavyobaki kama vilivyo. Kule pia utaamka Jumanne na kazi iliyochelewa, mtoto aliyepoteza kiatu, na mfereji unaovuja.

Sitaki udhani naidharau bahari. Mwaka 2013 watafiti wa Uingereza waliofuatilia watu walewale mwaka hadi mwaka walikuta kuwa mtu alijieleza kuwa na afya bora kidogo, ya mwili na ya akili, katika miaka aliyoishi karibu na pwani. Kidogo, lakini ipo. Nchi hiyo hiyo, mwaka 2021, mganga mkuu wa England, Chris Whitty, alitoa ripoti nzima kuhusu miji ya pwani: wakazi wengi wazee, magonjwa mengi kuliko kwingine, na uhaba wa madaktari na wauguzi. Bahari ni ileile katika maandiko yote mawili. Hewa inaweza kukupa afya, na mji ukakosa mtu wa kukutibu ukiugua. Kwa familia yenye mtoto wa pumu na bibi wa kisukari, hili la pili lina uzito. Piga simu hospitali ile wewe mwenyewe, si mkeo. Uliza pumu ikimbana mtoto saa 8 usiku nani yupo zamu, mashine ya hewa ya oksijeni ipo au haipo, na akihitaji hospitali kubwa anapelekwa wapi na kwa muda gani.

Kuhusu pumu yenyewe, siku 8 ni chache mno kuamua. Huenda moshi wa jiji ndio unaomsumbua na kule atapata nafuu. Ila nyumba za kando ya bahari huwa na unyevu, na unyevu hulea ukungu ukutani na vile vidudu vya vumbi vya kwenye magodoro, ambavyo navyo huchochea pumu. Fungua kabati la nguo katika nyumba ile, ingiza kichwa, unuse. Kabati halipakwi rangi juzi juzi.

Tumefika kwenye nyumba. Mita 150, mwanangu, ni ndani ya mdomo wa bahari. Mawimbi yakipasuka hurusha matone madogo sana ya chumvi, na chumvi hiyo hupungua kwa kasi kadiri unavyoingia bara. Mita mia chache za kwanza ndizo hubeba mzigo. Chumvi ikitua juu ya chuma huanza kunyonya maji kutoka hewani pale unyevu unapofikia kama asilimia 75, kwa hiyo chuma hulowa hata siku ambayo mvua haijanyesha. Ndiyo sababu bawaba, misumari ya bati na kufuli za kule hufa mapema. Hivyo hubadilishwa kwa fedha kidogo. Kinachotisha ni nondo. Chumvi ikipenya zege hadi kwenye nondo, nondo huota kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichokuwepo. Zege hupasuka kutoka ndani.

Kwa hiyo usitazame rangi. Tazama juu, chini ya dari ya kile kibaraza ulichokipenda. Tazama kingo za nguzo na lenta za madirisha. Unatafuta mistari ya rangi ya kutu, nyufa zilizonyooka kwa kufuata nondo, na viraka vya plasta mpya. Gonga kwa nyundo ndogo. Panapotoa sauti ya uwazi, zege limeachana na chuma. Muulize fundi aliyejenga kama mchanga ulitoka ufukweni, maana mchanga wa bahari usiooshwa huingiza chumvi ndani ya zege tangu siku ya kwanza. Mpeleke fundi wako, asiyejuana na muuzaji. Nyumba iliyopakwa rangi juzi juzi, tena inauzwa kwa haraka, mimi ningeigonga mara mbili.

Umesema mita 150 kutoka maji yanapofika. Yanapofika lini? Kutoka bamvu moja, yaani siku ambazo bahari hujaa kupita kawaida, hadi jingine ni takriban siku 14 au 15, na wewe ulikuwa kule siku 8. Ikiwa mlifika wakati wa maji mafu, bahari isipojaa sana, mstari uliouona si wenyewe. Nenda siku chache baada ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo, wakati maji yamejaa, kukiwa na upepo wa kutoka baharini. Waulize majirani wazee, wale waliokaa pale miaka 30, maji yaliwahi kufika wapi mwaka mbaya kuliko yote, na ufukwe ulikuwa na upana gani walipokuwa watoto. Kwa mujibu wa ripoti ya jopo la kimataifa la tabianchi, IPCC, ya mwaka 2021, usawa wa bahari duniani ulipanda sentimita 20 kati ya 1901 na 2018, na kasi imeongezeka: kati ya 2006 na 2018 ulikuwa unapanda milimita 3.7 kwa mwaka. Zinaonekana chache. Mwanao wa miaka 5 ndiye atakayeirithi nyumba hiyo.

Na kisima kionje, si mwezi wa mvua tu, hata mwishoni mwa kiangazi. Karibu na pwani maji matamu hukaa juu ya maji ya chumvi kama mafuta juu ya maji. Kwa kila mita moja ambayo maji matamu yamepanda juu ya usawa wa bahari, chini ya usawa huo kuna kama mita 40 zake. Pampu ikiyashusha kidogo tu juu, chumvi hupanda sana kutoka chini. Majirani wakizidi kuchimba, kisima kitamu cha leo huweza kuharibika bila wewe kukosea lolote.

Baada ya yote hayo, kama mkeo atasema kwa kinywa chake kuwa anataka kwenda, nendeni. Lakini msiuze. Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na nyumba yenu ya jiji ndiyo ngama yenu. Ipangisheni, nanyi mkapange kule, mtaa ulio nyuma kidogo ya ufukwe, mwaka mzima, mkianza na msimu ule ambao wageni wameondoka, maduka nusu yamefungwa na upepo unagonga madirisha. Mkiupenda mji katika miezi hiyo, mtaupenda miezi yote. Mkeo aombe likizo bila malipo badala ya kuacha kazi, kama hospitali yake inaruhusu. Wewe pata kwa maandishi kutoka kwa mwajiri kwamba ruhusa ya kufanyia kazi mbali haitafutwa katikati ya mwaka, kwa sababu mji mdogo hautakuwa na mwajiri wa pili wa kukupokea. Na huyo mnunuzi mwingine anayetajwa na muuzaji, mwache anunue. Nyumba za pwani huuzwa kila mwaka.

Binti yako amebeba jambo hili peke yake. Profesa Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alikadiria mwaka 2018 kwamba watu wazima huhitaji kama saa 50 za kuwa pamoja ili kufahamiana kirafiki, na zaidi ya saa 200 ili kuwa marafiki wa karibu. Mtoto wa miaka 10 pengine huenda haraka zaidi, lakini rafiki aliyenaye leo naye alimgharimu saa zake, hakuokotwa. Kaa naye. Usimwahidi bahari. Mwulize majina ya marafiki zake, halafu msikilize anavyoyataja.

Kaka yako anasema unakimbia. Mimi sidhani. Nadhani uliiona familia yako ikiwa na furaha kwa siku 8 ukataka kuirudisha, na hamu hiyo naiheshimu sana.

Mwezi huu usimjibu mwenye nyumba. Jumamosi hii mkeo akienda kwa mama yake, nenda naye. Kaa pale wakati anapanga vidonge siku kwa siku, usishike simu. Mkirudi, pitieni njia ndefu, umuulize yale maswali mawili. Kisha niandikie alichosema, kwa maneno yake mwenyewe, hata kama ni mstari mmoja.

Shangazi yako